Akwariamu ya Mimea Nyegezi: Pima Maji Kabla ya Kuyalainisha

Nyegezi inaishi na samaki. Hapo ndipo ilipo kampasi ya chuo cha uvuvi cha FETA, hapo pia kipo kituo cha Mwanza cha Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, TAFIRI, na ukishuka kidogo unakutana na Ghuba ya Mwanza yenyewe. Mkazi wa hapa akinunua tangi la vioo, akalitia mchanga, mimea ya majini na samaki wawili watatu, ana haki ya kudhani kwamba nusu ya kazi imekwisha, kwa kuwa maji ya bomba lake yametoka katika ziwa lililolea samaki tangu enzi. Lakini akianza kusoma maelekezo ya watunza akwariamu wa ng'ambo anakutana na onyo lile lile kila mahali: maji ya bomba ni magumu, mimea itadumaa, yalainishe kwanza. Basi anatafuta chujio la bei mbaya, au anadondoshea tindikali, kutibu tatizo ambalo bomba lake halina.

Hasara ya fedha ni ndogo. Kubwa ni kwamba dawa ya maji magumu, ikitiwa katika maji laini, inaweza kuua samaki wote usiku mmoja.

Ugumu wa maji ni kiasi cha kalsiamu na magnesiamu kilichoyeyuka ndani yake. Wataalamu huupima kwa miligramu za kaboneti ya kalsiamu katika lita moja. Yakiwa chini ya 60 huitwa laini; 60 hadi 120, magumu kiasi; 120 hadi 180, magumu; zaidi ya hapo, magumu sana. Watunza akwariamu wengi hutumia nyuzi za Kijerumani, na nyuzi moja ni sawa na miligramu 17.8. Mama wa nyumbani hahitaji hesabu hizo. Sabuni ikigoma kutoa povu, ikaacha utando juu ya beseni, na birika la chai likajenga ukoko mweupe ndani, maji hayo ni magumu. Kipimo cha sabuni ndicho alichokitumia hata mkemia Thomas Clark wa Aberdeen, Uskoti, katika miaka ya 1840, alipotafuta njia ya kupima ugumu kwa tarakimu.

Sasa chukua maji ya Ziwa Victoria. Mwaka 1965 J. F. Talling na I. B. Talling walichapisha vipimo vya kemia ya maziwa ya Afrika ambavyo watafiti wanavirejea hadi leo. Kwa Victoria, kalsiamu ilikuwa kama miligramu 5.6 kwa lita na magnesiamu kama 2.6. Ukibadilisha kwenda kwenye kipimo cha ugumu unapata takriban miligramu 25, yaani nyuzi moja na nusu hivi. Hayo ni maji laini sana, hata kwa mtunza akwariamu mwenye mimea dhaifu kuliko yote.

Sababu iko angani na chini ya miguu. Sehemu kubwa ya maji yanayoingia Victoria, zaidi ya robo tatu, ni mvua inayonyesha moja kwa moja juu ya uso wa ziwa, na mvua haina mawe ya kuyeyusha. Mawe yenyewe, yale majabali yaliyopandana kuanzia Capri Point hadi vilima vya Nyegezi na Luchelele, ni ya jamii ya itale. Itale haiyeyuki kwa urahisi kama chokaa. Maji yanaweza kuilamba miaka mingi yakatoka na chumvi kidogo tu.

Mamlaka ya maji ya jiji, MWAUWASA, huchukua maji ziwani kupitia Capri Point na, karibu zaidi na Nyegezi, kupitia chanzo cha Butimba kilichojengwa kuzalisha lita milioni 48 kwa siku. Maji husafishwa na kutiwa klorini. Klorini ndiyo adui wa kwanza wa samaki na wa bakteria wanaosafisha tangi, na dawa yake ni nyepesi: kuyaacha maji kwenye ndoo iliyo wazi siku nzima, vizuri zaidi yakiwa yanachezeshwa na pampu ya hewa. Kusafishwa huko hakuyageuzi maji laini kuwa magumu.

Kinachowapoteza wengi ni pH. Mtu anachovya karatasi ya kupimia, anaona 8 au zaidi, anakata shauri kwamba maji ni magumu. Katika maji ya Ulaya mara nyingi mambo hayo mawili huenda pamoja, lakini Mwanza hayaendi pamoja. Ziwa lina mwani mwingi. Mchana mwani unafyonza kaboni dayoksidi na pH inapanda, kwenye ghuba inaweza kufika 9, huku ugumu ukibaki pale pale. Zaidi ya hapo, bikaboneti iliyomo katika maji ya Victoria, ambayo ndiyo huzuia pH isiyumbe, imeshikana kwa sehemu kubwa na sodiamu. Ndiyo maana uwezo wa maji haya kuzuia pH isiyumbe, ambao ni kama nyuzi mbili na nusu, ni mkubwa kuliko ugumu wake, ila bado ni mdogo.

Udogo huo ndio hatari. Watunza mimea wengi hutengeneza kaboni dayoksidi nyumbani kwa chupa ya soda, sukari na hamira, kwa sababu kaboni ndiyo chakula ambacho mimea ya majini hukikosa kuliko vyote. Gesi ikifika miligramu 30 kwa lita, ambacho ndicho kiwango wanachokilenga, maji yenye nyuzi mbili na nusu hushuka hadi pH ya 6.4 hivi. Yale yenye nyuzi 16 hubaki juu ya 7. Mtu wa Nyegezi anayefuata vipimo vya mtu wa London anawashusha samaki wake kutoka 8 hadi 6.4 kwa siku moja, kisha anashangaa wanapopanda juu kuhema. Akiongeza na tindikali "ya kulainisha", anamaliza kabisa kinga iliyokuwapo.

London haikutajwa bure. Mwaka 1850 mkemia Robert Warington aliripoti jaribio alilolifanya katika jiji hilo: samaki wawili wa dhahabu, konokono wa majini, na mmea uitwao Vallisneria spiralis, vyote ndani ya chombo kimoja, vikitunzana bila maji kubadilishwa kila mara. Watu wengi huhesabu jaribio hilo kuwa mwanzo wa akwariamu ya kisasa. Maji ya London hupita katika miamba ya chaki na chokaa na ni magumu sana, kwa hiyo elimu ya akwariamu ilizaliwa na kukuzwa katika maji magumu, na vitabu vyake vikabeba hofu za mahali vilipoandikwa. Lakini mmea alioutumia Warington, majani marefu membamba kama utepe, unaota pia Ziwa Victoria. Unastawi London kwenye maji magumu na unastawi Mwanza kwenye maji laini.

Siri ya Vallisneria ni kwamba haitegemei kaboni dayoksidi peke yake. Ikikosa gesi hiyo hufyonza kaboni kutoka kwenye bikaboneti, ambayo maji magumu huwa nayo tele. Ndivyo inavyofanya pia Ceratophyllum, ule mmea usio na mizizi unaoelea kama mkia wa paka na ambao nao ni mwenyeji wa ziwa hili, pamoja na jamii kadhaa za Potamogeton. Mimea hiyo ikifanya hivyo kwenye maji magumu, chokaa hujitenga na kuganda juu ya majani kama vumbi jeupe. Mwenye tangi huliona akadhani ni ugonjwa. Siyo, mmea unakula tu. Yenye shida katika maji magumu ni mimea iliyozoea vijito vya msituni, kama aina nyingi za Cabomba, ambayo haina uwezo huo na hudhoofika.

Hata hivyo kuna matangi Nyegezi yenye maji magumu kweli. Ugumu huo haukutoka ziwani. Umeingizwa nyumbani.

Chanzo cha kwanza ni tanki la saruji. Kwa kuwa maji ya bomba hukatika, nyumba nyingi zina akiba. Simtanki la plastiki halina neno, lakini tanki jipya la saruji, au bwawa dogo la mapambo lililosakafiwa majuzi, huachia chokaa kwa wiki nyingi, na pH yake inaweza kupita 10. Maji ya mwanzo katika tanki la aina hiyo ni ya kumwagilia ua au kumwaga kabisa, tena mara kadhaa, kabla samaki hajakaribia.

Chanzo cha pili ni mchanga na mapambo. Mchanga wa ufukweni huwa na vipande vya magamba ya konokono na kome, na gamba ni kaboneti ya kalsiamu. Jiwe la itale kutoka nyuma ya nyumba ni salama. Matumbawe yaliyoletwa na ndugu kutoka pwani, au kokoto za marumaru zilizobaki fundi alipomaliza sakafu, zitayeyuka pole pole usiku na mchana. Kujua lipi ni lipi ni rahisi. Dondoshea siki au maji ya ndimu juu ya jiwe kavu. Likitoa mapovu, lina chokaa. Lisipotoa, lioshe ulitumie, ingawa aina chache za mawe ya chokaa hujificha mbele ya tindikali dhaifu namna hiyo.

Chanzo cha tatu ni kisima. Maji ya kisima hayana tabia moja. Mita mia mbili zinaweza kutenganisha kisima kitamu na kisima cha chumvi. Cha nne ni mazoea ya kujazia tu. Maji yakipungua kwa jua, yanayoondoka ni maji matupu, chumvi zote zinabaki. Mwenye tangi akijazia kila wiki bila kumwaga kitu, ugumu unapanda mwezi hadi mwezi hata kama bomba lake ni laini. Kumwaga robo ya tangi kila wiki na kurudishia maji mapya kunaondoa tatizo hilo bila kununua chochote.

Safari ya kwenda Kigoma inaonyesha jinsi nchi moja inavyoweza kuwa na maji ya aina mbili kabisa. Ziwa Tanganyika lina kalsiamu kama miligramu 10 kwa lita na magnesiamu zaidi ya 40, hivyo ugumu wake ni takriban 200, mara nane ya Victoria. Chumvi hizo huletwa kwa kiasi kikubwa na mto Ruzizi kutoka Ziwa Kivu, lililo jirani na volkano. Samaki wa Tanganyika wanaopendwa na watunza akwariamu duniani kote, kina Tropheus na Neolamprologus, wamezoea maji hayo na hawafurahii maji ya bomba la Mwanza mpaka yaongezewe chumvi. Huko Dodoma wakazi wanaotumia maji ya visima vya Makutupora wanaujua ukoko wa birika tangu utotoni. Unguja nako, maji ya chini ya ardhi hupita katika mawe ya matumbawe. Kwa wenye matangi wa sehemu hizo, onyo la vitabu ni la kweli na linahitaji jibu.

Jibu la kwanza, na kwa maoni ya mwandishi huyu ndilo bora, ni kuchagua mimea inayokubali maji yaliyopo. Vallisneria, Ceratophyllum na jamii nyingi za yungiyungi zitapamba tangi la Dodoma bila kuombwa. Anubias wa Afrika Magharibi na Kati, mwenye majani mazito, hukua pole pole lakini huvumilia karibu maji yoyote.

Anayetaka mimea migumu kutunza atalazimika kuchanganya maji. Hesabu yake haina fumbo. Maji ya mvua yana ugumu unaokaribia sifuri. Ndoo moja ya kisima chenye ugumu wa 300 ikichanganywa na ndoo mbili za mvua huleta mchanganyiko wa 100. Mkazi wa Nyegezi mwenye kisima ana bahati zaidi, kwa sababu ndoo mbili za bomba zitampatia matokeo yanayokaribia hayo, kama 117. Kwa upande wa mvua, bati la mita 50 za mraba likipata milimita 10 tu hutoa lita 500. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iachwe ipite na vumbi, vinyesi vya ndege na zinki ya bati, kwani zinki huua konokono na kamba wadogo kwa haraka.

Kuchemsha kunasaidia nusu. Bikaboneti ya kalsiamu hujitenga na kuwa ule ukoko wa birika, na maji yanayobaki ni laini kuliko mwanzo. Chumvi za salfeti na kloridi hazitikisiki kwa moto. Mashine za kusukuma maji kupitia utando mwembamba huondoa karibu kila kitu, lakini humwaga lita kadhaa kwa kila lita safi inayopatikana, na katika mtaa ambao watu hupanga madumu kwenye bomba, hilo ni jambo la kufikiria mara mbili. Vifaa vya kulainisha vinavyotumia chumvi ya kawaida havifai kabisa kwa mimea: huondoa kalsiamu na kuweka sodiamu mahali pake. Mwenye nguo za kufua atafurahi, mwenye tangi atalia.

Mara nyingi mmea unaodhaniwa kuzidiwa na ugumu huwa na njaa ya madini ya chuma. Katika maji ya pH ya juu, chuma hujitenga na kuwa kutu isiyoliwa. Majani mapya hugeuka manjano huku mishipa ikibaki ya kijani. Kuongeza mbolea ya maji ya kawaida hakuleti nafuu. Chuma hicho kinatakiwa kifungwe kwa kemikali inayohimili pH ya juu, au kizikwe mchangani karibu na mizizi, ambako hewa ni haba na mmea unaweza kukifikia.

Kwenye maji laini ya Nyegezi dalili hugeuka. Majani mapya yakitoka yamejikunja na kudumaa, shaka iangukie kwenye kalsiamu. Majani ya zamani yakipauka katikati ya mishipa, shaka iangukie kwenye magnesiamu. Hapo kinachotakiwa ni kuyafanya maji yawe magumu kidogo. Vipande vya magamba vilivyofungwa kwenye kitambaa ndani ya chujio, na chembe za chumvi ya Epsom, ile haluli ya dukani, hutosha. Konokono nao watashukuru, maana katika maji laini sana magamba yao huliwa yakabaki na matobo.

Kuhusu samaki wenyewe, Nyegezi ina historia ambayo wenyeji wengi hawajasimuliwa. Kuanzia 1977 kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, lililojulikana kama HEST, lilichunguza furu wa Ghuba ya Mwanza. Miongoni mwa waliowaeleza kisayansi ni furu wa miambani ambaye dume lake lina mgongo mwekundu na mbavu za njano zenye milia myeusi. Mwaka 1985, mwaka ule ule Mwalimu Nyerere alipong'atuka, samaki huyo alipewa jina la Haplochromis nyererei. Watafiti waliwahesabu furu wa ziwa hili kuwa na aina zinazokaribia 500, na nyingi zilitoweka baada ya sangara kushamiri katika miaka ya 1980. Nyererei amefugwa na kuzaa vizazi vingi katika maabara za Uholanzi, maelfu ya kilomita kutoka miamba ya kisiwa cha Makobe ziwani humu. Samaki wengi wa aina yake huvumilia ugumu tofauti na wa kwao. Kinachowaua ni badiliko la ghafla.

Inavutia kushuka ufukweni na kujichumia Vallisneria bure, na mmea huo ungezoea tangi la nyumbani bila shida. Lakini maji ya kingo za ziwa Mwanza yana kichocho, na konokono anayekieneza hupenda kujibanza kwenye mimea hiyo hiyo. Asiyekuwa na buti na glavu asiingie. Mimea ikifika nyumbani ikae peke yake kwenye ndoo kwa wiki kadhaa, konokono na mayai yao yaliyo kama ute yakiondolewa kwa glavu, na hakuna konokono wa ziwani anayepaswa kuhamia sebuleni.

Njia ya kurudi ziwani nayo ifungwe. Gugu maji lenye maua ya zambarau, lililoonekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, asili yake ni Amerika Kusini na lilisambazwa duniani kama pambo la madimbwi. Mwanzoni mwa 2025 magugu maji yalikwamisha vivuko vya kati ya Kigongo na Busisi, watu wakisubiri pande zote mbili. Salvinia, mmea mdogo unaoelea na kupendwa katika matangi mengi duniani, ni wa hatari ile ile, na kipande chake kimoja kinatosha kuanzisha zulia jipya. Mitaro ya Nyegezi yote humwagika ghubani.

Kwa hiyo mwenye tangi aanze na mambo mawili. Kabla ya kununua dawa yoyote ya kulainisha, apeleke chupa ya maji ya bomba lake na nyingine ya tangi lake katika maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji iliyopo Mwanza, aulize ugumu na bikaboneti, aandike tarakimu hizo ubavuni mwa tangi. Na mimea anayoipogoa aianike juani mpaka ikauke kabisa, kisha aizike shambani. Asiitupe mtaroni wala chooni.